Fremu Inayovuta Kushoto

Kaka yangu alipotangaza kwamba atabadilisha fremu ya baiskeli ya marehemu baba, alisimama katikati ya sebule, mkono mmoja kiunoni, akingoja tumpigie makofi. Mama alikuwa akikunja nguo. Mimi nilikuwa mlangoni na kipande cha sponji kwapani, maana kazi yangu ni kushona viti: vya magari, vya sebuleni, vya madaktari wa meno. Chochote ambacho binadamu atakikalia, mimi nakishona.

"Ni fremu tu," kaka alisema. "Vingine vyote vinabaki. Magurudumu ya baba, usukani wa baba, pedali za baba, kiti cha baba. Navihamisha tu."

"Unavihamishia wapi?" mama akauliza.

"Kwenye fremu mpya, ya kaboni. Nyepesi, unainyanyua kwa kidole."

"Na mtu anyanyue baiskeli kwa kidole aende nayo wapi?"

Kaka akajitia hamnazo, kama kawaida yake akiulizwa jambo la maana. Mimi niliibana ile sponji kwapani kwa hasira. Nilijua nikifungua mdomo nitasema mengi.

Hapa lazima nieleze habari za chama, la sivyo mtadhani nagombana na ndugu yangu kwa ajili ya vyuma. Baba alikuwa kiongozi wa msafara katika chama cha baiskeli za mbio. Mbio ni jina tu. Wale ni wazee waliokula chumvi nyingi, wanaovaa kaptura za kubana kila Jumapili asubuhi na kuzunguka barabara ya maghala kwa mstari mmoja, kimya, kila mmoja amekazia macho tairi lililo mbele yake. Hiyo ndiyo kanuni yao ya kwanza: tazama tairi, usitazame barabara. Kanuni ya pili ni kwamba nafasi katika mstari ni ya baiskeli, si ya mtu. Mwenye baiskeli akifa, anayeirithi anaingia pale pale ilipokuwa.

Nafasi ya baba niliitaka mimi. Nasema wazi, sioni haya. Utoto wangu wote nilisimama getini kila Jumapili nikimtazama akitoka mbele ya watu wale, na sijawahi kutaka kitu kingine namna ile. Baba alipofariki nilimwendea Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu mwenye masharubu yaliyokatwa kwa rula, nikamwambia nataka kuendesha mahali pa baba. Alinitazama kwa huruma. "Binti yangu," alisema, "sisi hatumkatai mtu. Nafasi ni ya baiskeli. Lete baiskeli." Na baiskeli mama alikuwa ameshampa kaka, kwa hoja kwamba kaka ana miguu mirefu. Miguu mirefu! Watoto wawili ndani ya nyumba, na urithi ukapimwa kwa miguu.

Basi kaka akaongoza msafara, na kila Jumapili akarudi akilalamika kwamba baiskeli inamvuta kushoto. Hilo halikuwa siri. Kabla mimi sijazaliwa, baba aliugonga mkokoteni uliokuwa umesimama zake kando ya njia, fremu ikapinda kidogo, na hakuinyoosha mpaka anaingia kaburini. Nyumbani tulilijua. Chamani, ukisema hivyo unafukuzwa. Mwenyekiti aliwahi kumwambia kaka mbele ya watu wote: "Baiskeli ya marehemu imenyooka. Barabara ndiyo imepinda. Mimi nimeipima." Na mtu aliyepima ardhi maisha yake yote akisema barabara imepinda, utabishana naye kwa chombo gani?

Ndiyo maana kaka akaamua kununua unyoofu wake mwenyewe.

Kazi ilifanywa na fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu, tunayemwita Fundi Kesho kwa sababu mnazozijua. Nilikuwepo, nimejifanya nimekwenda kuazima koleo. Kaka alimsimamia kichwani kama msimamizi wa mirathi. Kila kilichofunguliwa kwenye fremu ya chuma ya baba kilipanguswa, kikatiwa grisi, kikafungwa kwenye ile nyeusi inayong'aa. Magurudumu yalikaa. Breki zilikaa baada ya kubembelezwa. Bomba la kiti likawa jembamba kwa tundu lake, likapwaya.

"Hili halishiki," alisema Fundi Kesho. "Nunua jingine."

"Sinunui. Ni la baba."

"Basi kiti kitakuwa kinazama ukikanyaga."

"Livishe kitu."

Fundi akakata kopo la soda, akalivisha lile bomba shati la bati, akaligonga mpaka likaingia. Jioni ile ile mambo yakawa yamekwisha, jambo ambalo halijatokea tena katika historia ya karakana ile. Chini, kwenye sakafu ya mafuta, ilibaki fremu ya baba, tupu, pamoja na uma wake wa kushikia gurudumu la mbele, imelala ubavu kama kitu kilichotoka kufanyiwa upasuaji kikasahauliwa.

"Hii chukua wewe," kaka akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa sadaka. "Itakufaa kuanikia vitambaa."

Niliibeba begani mpaka nyumbani. Sikumwambia asante. Nilikuwa na uchungu wa kuweza kumng'ata mtu.

Mama akaifurahia. Aliitundika uani kwa kamba kati ya nguzo mbili, akaanika mataulo, akasema haijawahi kuwa na faida kiasi hiki. Kaka akaleta baiskeli yake mpya kuijaribu pale pale uani, akazunguka raundi moja, akaligonga pipa la maji lililokuwa upande wake wa kulia. Akazunguka tena, akaligonga tena.

"Mama, pipa limekaa vibaya," alisema.

Mama akalisogeza. Raundi iliyofuata akagonga ukuta uliokuwa nyuma ya pipa. Tukakubaliana kwamba ua ni mdogo.

Jumapili ilifika. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na kila aliyekuwepo, na wote wanasimulia sawasawa, kwa heshima, kama watu wanaosimulia mazishi. Kaka aliongoza. Mikono yake ilikuwa imezoea kupambana na ile fremu iliyopinda, kuikaza kulia ili iende mbele. Sasa fremu mpya haikuwa na ubishi wowote, na mikono haikuwa imeambiwa. Walipofika kwenye kiwanda cha sabuni, barabara ikiwa imenyooka mbele yao, kaka akakaza kulia kama kawaida, akaenda kulia, akaingia kwenye mtaro wa kiwanda. Nyuma yake Mwenyekiti alikuwa akitazama tairi, si barabara. Akaingia. Nyuma ya Mwenyekiti mwingine, na mwingine, wote kwa mpangilio wa ukubwa, bila kusukumana.

Wa mwisho kabisa ni mzee tunayemwita Kengele, kwa sababu kazi yake ni kupiga kengele kuonyesha kwamba hakuna aliyeachwa nyuma. Yeye alikuwa mbali kidogo. Angeweza kusimama. Nilipomuuliza kwa nini hakusimama, alisema alidhani kamati imebadilisha njia bila kumjulisha. Akaingia mtaroni akipiga kengele.

Hakuna aliyevunjika. Mtaro ulikuwa umejaa povu la sabuni mpaka ukingoni, na wazee wakarudi makwao na michubuko, wakinukia vizuri kuliko siku walizooa.

Kikao kikaitishwa sebuleni kwetu jioni yake. Walikuja na bandeji zao, wakakaa juu ya viti nilivyovishona mwenyewe, na hakuna aliyemlaumu kaka kwa kuanguka. Walimlaumu kwa jambo jingine kabisa.

"Suala mbele yetu," alisema Mwenyekiti, "ni kwamba tumefuata baiskeli ambayo haikutambulishwa kwetu. Ile ni nani?"

"Ni ile ile, mzee," kaka alisema. "Ya baba. Nimebadilisha fremu tu."

"Fremu tu," akarudia Kengele, akimtazama mwenzake.

Kaka akasimama kujitetea, na lazima nikiri alijitetea vizuri. Huyu angekuwa wakili, nyumba hii ingepumzika. "Hebu fikirini, wazee wangu. Baba alikalia nini? Kiti. Ninacho. Alishika nini? Usukani. Ninao. Alikanyaga pedali, ninazo. Fremu hakuwahi kuigusa hata siku moja. Ilikuwa katikati ya miguu yake tu, inapita."

Wazee wakaguna. Nikaona wanaanza kuyumba, nikapiga moyo konde.

"Mwenyekiti," nikasema, "wewe umebadilisha nini kwenye baiskeli yako tangu uinunue?"

Akahesabu kwa vidole. "Tairi. Mnyororo. Tairi tena. Pedali. Kiti."

"Na uliwahi kujitambulisha upya?"

"La hasha."

"Basi ya baba iko uani. Ina mataulo juu yake."

Wote wakageuza vichwa kuelekea dirishani. Kengele akanyanyuka taratibu, akavua kofia. Wakatoka mmoja mmoja, wakaizunguka ile kamba ya nguo, na Mwenyekiti akaweka kiganja chake juu ya bomba la juu, pale rangi ilipokwaruzwa na ule mkokoteni wa zamani. Mama akaja mbio kuondoa sidiria yake.

"Lakini haina magurudumu," kaka alisema kutoka nyuma. "Mnaongozwaje na kitu kisicho na magurudumu?"

Ilikuwa hoja, lazima niseme. Wazee walinong'onezana mpaka mataulo yakakauka, kisha Mwenyekiti akakata kauli. Jumapili inayofuata kaka ataongoza raundi ya kwanza kwa baiskeli yake. Kama binti, yaani mimi, nitakuwa nimeivisha ile nyingine magurudumu na vinginevyo, nitaongoza raundi ya pili. Chama kitafuata zote mbili kwa uaminifu. Ambayo kitaweza kuifuata bila kuanguka ndiyo baiskeli ya marehemu, na mwenye kuiendesha ndiye mwenye nafasi. Ikishindwa, nisije tena kuuliza.

"Nisije tena lini?" nikauliza.

"Tena kabisa, binti yangu," alisema Mwenyekiti, na alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza.

Wiki ile sikushona kiti cha mtu. Wateja walinipigia simu mpaka nikaizima. Nilikaa na Fundi Kesho kwenye lundo lake la vyuma, tukiokota. Gurudumu la mbele lilitoka kwenye baiskeli ya mwanafunzi, la nyuma kwenye ya mpiga picha aliyehama mji, moja lina spoki nyekundu na jingine halina rangi ya kueleweka. Usukani ulikuwa wa baiskeli ya kusambazia magazeti, mpana kama pembe za ng'ombe. Mnyororo tuliunga vipande. Breki ya nyuma ilikuwa inalia kama mtoto, ya mbele haikuwa na maoni. Kiti nilikishona mwenyewe kwa mahameli ya zambarau iliyobaki kwenye sofa la mchumba wa mtu fulani, nikatia sponji ya kutosha, na hapo tu ndipo niliposhinda kaboni ya kaka bila ubishi.

"Itatembea?" nikamuuliza Fundi Kesho.

Akaizunguka akiitazama. "Itatembea," alisema. "Kuelekea wapi, sijui."

Na kaka naye hakulala. Kila alfajiri nilimsikia uani akijizoesha kwenda wima, akihesabu pumzi. Kufikia Ijumaa alikuwa haligongi pipa tena. Nilipomwona akipita katikati ya pipa na ukuta kama uzi kwenye tundu la sindano, nikarudi mbio kwa Fundi Kesho. Nilijua amejifunza, na mimi nilikuwa hata sijakaa juu ya yangu kwa sababu mnyororo ulikuwa haujaungwa.

Jumapili barabara ya maghala ilikuwa tupu, milango ya bati yote imefungwa. Wazee walijipanga. Mama alikuja na kiti cha plastiki, akakaa kando, akaweka pochi mapajani.

Kaka akaondoka. Alienda wima kabisa, mgongo umenyooka, hakutikisika, na niseme ukweli wa Mungu, alipendeza. Wazee wakamfuata kama walivyoapa. Walifika mbele ya kiwanda cha sabuni, na hapo nikamwona Mwenyekiti akianza kuhangaika. Juu ya tairi alilolitazama maisha yake yote palikuwa na mgongo wa baba, na ule mgongo ulikuwa umeegemea kulia. Wazee wote waliuzoea hivyo. Kwao huo ndio wima. Sasa mbele yao palikuwa na mgongo ulionyooka, na macho yao yakawaambia kwamba kijana anaangukia kushoto. Wakamkwepa. Mwenyekiti akakwepa kulia, aliyemfuata akakwepa kulia, na wote wakaingia tena kwenye mtaro ule ule, kwa mpangilio ule ule, huku kaka akiendelea peke yake barabarani, amenyooka, bila kujua. Alikwenda mpaka ghala la mwisho ndipo akageuka kuona kama wamefurahi.

Kengele alipopanda kutoka kwenye povu alisema tu, "Leo nilijua."

Zamu yangu ikafika. Nikakaa juu ya mahameli, nikakanyaga, na baiskeli ikageuka kushoto moja kwa moja, ikaelekea ukuta wa ghala kama punda aliyenusa kwao. Nilisikia mama akisimama. Nikakaza mkono wa kulia. Haikutosha. Nikakaza zaidi, nikaegemeza bega, nikaegemeza mbavu, nikatoa kiwiko nje, meno yamebanana, na kidogo kidogo ikaacha ukuta ikarudi katikati ya barabara. Haikunyooka hata kidogo. Ilikubali tu kwenda mbele maadamu nimeishika hivyo, na nilipolegeza kwa sekunde moja ikaanza tena.

Nyuma yangu palikuwa kimya. Nilisubiri kishindo cha maji. Tukakipita kiwanda cha sabuni, nikasikia minyororo tu, ikisaga taratibu, yote kwa pamoja, na mbali kabisa, mwisho wa mstari, kengele. Hakuna aliyeachwa nyuma.

Ningepaswa kufurahi. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka tangu nikiwa mtoto getini, lakini bega langu la kulia lilikuwa linawaka moto, na moto ule niliujua. Nilikuwa nimeushika kwa mikono yangu mara nyingi. Kila Jumapili baada ya kula, baba alikuwa akivua shati, akakaa kwenye stuli, akaniambia, "Mwanangu, nisugue hapa," na alikuwa akionyesha bega la kulia, wala si la kushoto hata siku moja. Tulisema ni mto wa kulalia. Mama alimnunulia mito ya kila aina, migumu, laini, ya manyoya. Baba aliilalia yote akasema asante, kila Jumapili akakaa tena kwenye stuli. Alishikilia msafara mzima kwa bega moja, na sisi tukamnunulia mito.

Nililia mpaka mwisho wa barabara. Sikuweza kujifuta, mkono ulikuwa na kazi.

Mwenyekiti alinipa mkono uliojaa povu, akasema, "Karibu tena, mzee," kisha akajirekebisha, akasema, "binti." Kaka alikuja akiisukuma kaboni yake, akasimama pembeni. Akaitazama fremu ya baba.

"Kiti kile kikuukuu nitakurudishia," alisema. "Kinazama."

"Kaa nacho," nikamwambia. "Mimi nina mahameli."

Akacheka, nami nikacheka, ingawa bado nilikuwa na hasira naye na bado ninayo. Jumapili hizi anafuata nyuma ya Kengele, nafasi ya wageni, na kila wiki anaegemea kulia kidogo zaidi. Kaboni yake imeanza kulalamika.

Siku ile nilirudi nyumbani nikakaa kwenye stuli ya baba kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Sikumwambia mama kitu. Niliinamia goti nikifungua viatu kwa mkono mmoja. Nikasikia kabati likifunguliwa chumbani, na harufu ya ile dawa ya kuchua ya baba ikanifikia kabla ya mama. Sikujua kwamba alikuwa bado ameitunza. Akasimama nyuma yangu. Hakuuliza ni bega gani.

"Hapo?" akasema.

"Hapo."